Nyumba ya waimbaji, mimi nashika daftari

Nyumbani kwetu Kuze, Mombasa, ukikosea makofi unatolewa chumbani. Mimi nilitolewa nikiwa na miaka sita. Nyanya alikua anawafundisha kina mama kuitikia, wamekaa mkekani kama kumi na mbili hivi, mimi nimejipenyeza katikati napiga makofi yangu kwa raha zangu, mara nyanya akasimamisha wimbo akasema "kuna mtu hapa yuwaua nyimbo", akaanza kutazama watu mmoja mmoja mpaka akafika kwangu. Basi. Toka siku hiyo kazi yangu ikawa kikapu.

Kikapu manake hivi. Harusi za kina mama huku kwetu mwimbaji halipwi tu zile pesa za mapatano, anatunzwa. Mama anasimama na noti yake anakuja anacheza taratibu, anaipitisha juu ya kichwa cha mwimbaji, anaiweka. Na hatunzi ovyo, anangoja ule mstari unaomfaa yeye, ule ambao kuna mtu mwingine ukumbini anatakiwa ausikie vizuri. Mwimbaji akiona hivyo haendi mbele, anaurudia mstari huohuo mpaka pesa zikatike. Noti zinaanguka chini, na wa kuziokota ni mtoto mdogo wa kiume ambaye bado hajawa mwanamume. Mimi huyo. Nimeokota noti miguuni mwa wanawake wa Mombasa mpaka nikafika miaka tisa, siku moja mama mmoja akasema huyu sasa macho yake yameshafunguka, mtoeni. Sikurudi tena ndani. Na hii ishikeni, nitaifikia mbele.

Naandika kwa sababu wiki iliyopita pale kahawani kuna jamaa tulisoma nae akaniuliza, "Dadako bado anajaribu mambo ya mziki?" Neno kujaribu lilinikera. Akatoa simu akanionesha vidio yake, watazamaji mia tatu na kitu, nusu yao nadhani ni babangu, akanitazama kama mtu anaetoa pole msibani. Nikanywa kahawa yangu nikanyamaza, lakini nimekuja kuyatapika hapa.

Wacha nieleze nyumba yenyewe kwanza. Nyanya alikulia kwenye lelemama. Wale wasiojua, lelemama ilikua ngoma ya wanawake yenye vyama kabisa, vina sare na vyeo na uhasama wa kutisha, Mombasa ilikua na vyama kama Banu Saada na Ibinaal Watan vilivyokua vinashindana kwa nyimbo na mavazi mpaka mitaa inagawanyika. Lelemama ilipopoa akabaki na vugo, zile pembe za ng'ombe zinazogongwa kwa vijiti, na harusi. Kusoma hakujua, lakini ukimpa kikapu cha noti zilizochanganyika usiku wa manane anakugawia mafungu bila kukosea, waitikiaji, wapigaji, nauli, na fungu la mwisho kabisa ndo lake.

Babangu anapiga tashkota. Hiki ni chombo cha Kijapani, kilibuniwa Nagoya mwaka 1912, kina vitufe kama vya taipureta na nyuzi chini yake, ni kama taipureta iliyoolewa na gambusi. Kwa nini kikaja kunoga Mombasa kuliko kwengine sijui niseme nini, ila ukisikiliza taarabu ya huku, Zuhura Swaleh kwa mfano, ule mlio unaoruka kama mabuyu kwenye sahani ya bati ndo wenyewe. Taarabu ya Mombasa ilikua na milango mingi. Zein l'Abdin alikuja kutoka Lamu na udi wake, mtu wa mashairi ya kale na mahadhi ya Kiarabu. Juma Bhalo yeye alikua wa mahadhi ya Kihindi, akiimba unadhani uko sinema. Baba alipiga na vikundi vya watu miaka ishirini na zaidi, na miaka yote hiyo alikua anakaa nyuma ya waimbaji wanawake. Zamani mpigaji mwanamume aliingia tu ukumbi wa kina mama, alihesabiwa kama kiti.

Sasa mtu kama huyo ungetarajia binti yake akisema nataka kuimba, atampeleka yeye mwenyewe. Wapi. Dadangu alikua ameshazoeleka kwenye kaswida za madrasa, watu wanamsifu, baba anatabasamu. Siku aliyokuja na gitaa la kununua kwa mtu Majengo akasema ametunga wimbo wake na anataka kuuimba mbele za watu, baba alinyamaza siku nane. Sio hasira. Alikua anakula, anakwenda swala, anarudi, tashkota imefungwa kwenye kitambaa chake. Ami akaja akasema maneno mengi ya aibu na ya jina la ukoo, dadangu akamjibu kwa adabu, "Ami, jina la ukoo si ndo hilohilo lililoimba?" Ami akataka maji ya kunywa.

Siku ya tisa baba akaniita mimi, sio yeye. Akasema, mimi sikatai kuimba, mimi nawajua wale watu. Nikauliza watu gani? Akaniambia habari za kaseti. Walikua wanaitwa dukani, wanarikodi tepu nzima usiku mmoja, wanalipwa pesa ya mkupuo wanagawana, asubuhi kwaheri. Tepu inauzwa Mombasa, inavuka Tanga, inafika Unguja, inapanda ndege mpaka Maskati, yeye anaisikia kwenye matatu na nauli analipa. Hakuna aliyemwibia kwa bastola, aliweka sahihi mwenyewe. Alichoogopa ni kumuona mtoto wake anaweka sahihi kama ile. Nikamwambia basi asiweke, afanye mwenyewe. "Nani atahesabu?" Hapo ndo nilipopata kazi, naona tangu nifukuzwe mkekani nilikua naisubiri.

Daftari langu ni lile jeusi kubwa la dukani, kurasa mia mbili, sasa niko la tatu. Upande wa kushoto kinachotoka, wa kulia kinachoingia. Ukurasa wa kwanza kabisa kushoto: studio, nauli, chai ya prodyuza, gudulia la maji, kadi ya simu. Kulia: hakuna kitu. Nikapiga mstari nikaweka tarehe kabisa, utafikiri benki.

Miaka mitatu ya mwanzo aliimba hotelini kaskazini, Ijumaa na Jumamosi. Mkubwa wa hapo hakutaka nyimbo zake, alitaka zile za kukaribisha wageni na watu wapige makofi. Mimi siudharau ule wimbo wa Jambo Bwana, kwanza ni wa watu wetu. Them Mushrooms ni bendi ya ndugu waliokulia mziki wa hoteli hapahapa pwani, Teddy Kalanda ndie aliyeutunga, wakautoa 1982, mwaka uliofuata Boney M wakauimba kwa namna yao, leo mtalii anaujua kabla hajashuka ndege. Ila muulize mtunzi ni nani. Atakwambia ni wimbo wa kienyeji, ni wa Afrika. Dadangu alikua akiuimba kila wiki, na kila wiki kabla hajauanza anamtaja Teddy Kalanda, watalii wanatabasamu tu wakidhani anasalimia. Mwisho hoteli ikamwambia msimu umekua mbaya, mshahara wa miezi miwili ukaenda na msimu. Uko kwenye daftari mpaka leo, nimeuzungushia wino mwekundu.

Baada ya hapo ndo akawa wa kujitegemea kikweli. Watu wanalipenda hilo neno, linasikika kama bendera. Kwa lugha ya daftari manake kila kitu kiko kushoto. Wimbo mmoja unalipia kurikodi, kuchanganya sauti, picha ya jalada, kampuni ya kusambaza mtandaoni kila mwaka (usipolipa wanazishusha nyimbo, ilitutokea, Ramadhani nzima hayupo popote). Spotify ilifika Kenya Februari 2021, tukapika biriani. Tukaja kujua kuna ngazi za kupanda. YouTube ili uanze kugawiwa pesa za matangazo unatakiwa uwe na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Spotify kuanzia 2024 wimbo usiofika mara 1,000 kwa mwaka hauhesabiwi malipo. Sasa dadangu ana nyimbo kumi na moja, mbili zimevuka, tisa zimekaa kwenye mia sita, mia saba, kila mmoja kivyake kama wasichana waliokosa posa. Ukizijumlisha ni watu wengi! Lakini hawajumlishi.

Kwahiyo yule jamaa wa kahawani alikua anasoma tarakimu za kweli. Kosa lake ni kudhani tarakimu zile ndo ukumbi.

Ukumbi wenyewe uko hivi. Jumamosi, saa tatu za usiku, kina mama mia tatu, mia nne, wametoa mabuibui, wamesukwa, wamejipaka hina mpaka viwiko, nguo zilizoshonwa miezi miwili kwa usiku huo mmoja. Na kwa sababu hiyohiyo kadi ya mwaliko imeandikwa wazi, simu na kamera haziruhusiwi, na mlangoni kuna mama wa watu amesimama hana mchezo, bibi harusi mwenyewe akitoa simu ananyang'anywa. Dadangu anapanda hapo na nyimbo zake, alizotunga yeye, na wanazijua. Mstari kwa mstari. Anaanza wanamalizia. Kuna wimbo wake mmoja wa mwanamke anaehesabu vikombe baada ya wageni kuondoka, intaneti nzima hauna watu mia saba, lakini nimeusikia ukiimbwa na watu mia nne kwa pamoja.

Nimeusikia, sijauona. Mimi ndo meneja, ndo dereva, ndo mbeba spika, lakini naishia mlangoni. Napokelewa vyombo na wasichana, nafungiwa nje. Toka yule mama aseme macho yangu yamefunguka sijawahi kuona shoo hata moja ya harusi. Naisikia kupitia ukuta, nimekaa juu ya kiti cha plastiki na askari wa geti, tunakula viazi karai, tunabishana mpira, ndani huko ikija sauti ya vigelegele askari ananiuliza "hapo kimetokea nini?" kama mimi najua. Nimekua mtaalamu wa kuta. Ukumbi wa saruji tupu unakula maneno unabakisha ngoma. Wenye madirisha ya kimiani unasikia mpaka pumzi. Hema ni kama uko ndani, ila jirani nae yuko ndani.

Kuna hasara nyingine ya hii kadi. Harusi nyingi siku hizi hawataki mpigaji mwanamume hata wa nyuma ya pazia, kwahiyo baba hawezi kwenda na binti yake. Ilibidi watafutwe wapigaji wa kike, na waliopo wanahesabika, wengine wakishikilia fleshi ya midundo na kubonyeza tu. Sasa ndo yule mtu wa siku nane za kimya akafungua kitambaa. Akaanza kumfundisha tashkota, yeye na wasichana wawili wa Kibokoni, kila Jumapili baada ya alasiri. Ni mwalimu mkali sana, anapiga meza kwa kijiti. Anasema dadangu ana vidole vya harusi za kulipwa kidogo, sijui manake nini, lakini hucheka wote.

Kwahiyo ukilifungua daftari upande wa kulia, zaidi ya nusu ya kilichoingia ni tunzo. Sio strimu, sio miito ya simu, ni noti za kichwani, kama za nyanya. Badiliko pekee ni kwamba kuna mama siku moja alitunza kwa M-Pesa, simu zilikua zimekusanywa akaenda mlangoni akaomba yake dakika mbili, akatuma, akairudisha, akarudi kucheza mikono mitupu. Watu wakamwona bahili! Ikabidi dadangu amtangaze kwenye maiki.

Nyanya alitutoka 2021. Kwenye sanduku lake tukakuta leso zisizovunjwa, chupa ya halud, yale mafuta ya kunukia, na bahasha ya tunzo, ndani yake noti za elfu za zamani kumi na saba, zile zilizokwisha kazi Septemba 2019. Alikua anaziweka tu. Mama alilia zaidi kwa zile noti kuliko, mniwie radhi, kwa mazishi.

Na alituachia wimbo. Alikua nazo nyingi lakini huu ndo ulitoka nje ya nyumba, kuna mtu aliurikodi miaka ya nyuma ukachezwa sana harusini na kwenye redio, simtaji na wala simlaumu, huenda aliukuta mdomoni mwa watu akadhani hauna mwenyewe. Unaanza hivi:

*Kisima changu cha maji, nalichimba kwa kijiko,*
*Wamekuja wachotaji, hawaulizi, "Ni kwako?"*

Kila mwanamke aliye ukumbini anajua kisima ni nini na wachotaji ni kina nani, mimi mpaka naoa nilikua nadhani ni kisima.

Nikaamua nikausajili. Nimesoma, mimi nasoma vitu vya hivyo usiku. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya 2001 inasema kazi ya mziki inalindwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Nikapiga hesabu, nyanya analindwa mpaka mwisho wa 2071, nitakua mzee sina meno. Unaingia kwenye mtandao wa Bodi ya Hakimiliki, unajaza. Jina la wimbo, nikajaza. Mtunzi. Nikaandika jina la nyanya, nikamwita baba anihakikishie tahajia, akasoma, akasema futa.

Nikadhani sijamsikia. Akasema, beti la kwanza ni lake. La pili lilitoka kwa mama fulani wa Guraya siku waliyogombana na watu wa upande wa pili. Lile itikio wamelitoa kwenye vugo, na vugo lenyewe lina miaka mingapi? Ukiandika jina moja na wewe umekua mwenye duka. Nikamwambia kuna sheria nyingine, ya 2016, ya kulinda maarifa na sanaa za jadi, kule mwenyewe anakua ni jamii. Akauliza, jamii itakwenda kuchukua pesa na kitambulisho gani? Hapo sikua na jibu na mpaka leo sina. Mama akapita na sinia la mahamri akasema nyie wawili mnagombania kisima cha marehemu, akapita zake.

Baba ana hoja, na mimi nina hoja. Mimi naona kilichowapoteza wanawake wetu sio kukosa sheria, ni kukosa mtu wa kuandika. Muyaka, mshairi wa Mvita, alikufa 1840, tunamsoma leo kwa sababu kulikua na Mwalimu Sikujua aliyeyahifadhi mashairi yake yakaandikwa. Juma Bhalo watu walimjua kwa sauti, lakini mashairi yake mengi yalitungwa na Ahmad Nassir, binamu yake, na watu walilijua hilo vilevile kwa sababu mtunzi mwenyewe alikua na jina lake. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja, alikwenda Bombay 1928 kurikodi, jina lake likapigwa chapa kwenye santuri, na juzi juzi hapa 2020 kitukuu chake, Siti Muharam, ametoa albamu na watu dunia nzima wanajua yule ni kitukuu cha nani. Jina lilimngoja miaka tisini. Sasa kina mama wa vugo nani aliwapigia chapa? Mtoto wa kikapu, na yeye alikua anahesabu noti.

Fomu ile iko kwenye laptopu mpaka sasa, nusu.

Dadangu mabishano haya yote alikua anayasikia akiwa jikoni, hakusema neno. Mwezi uliopita tuko njiani tunakwenda harusi Kisauni, foleni ya daraja la Nyali haisogei, akaniambia nimeongeza beti. Nikauliza beti gani? La mwisho, kwenye Kisima. Akanikumbusha kitu ambacho mimi msomaji wa sheria nilikisahau, washairi wa zamani hawakua na fomu, walikua wanajitaja kwenye beti la tamati, jina la mtunzi linakwenda ndani ya vina ili atakaeuiba wimbo aubebe na mwenyewe. Kina mama wa lelemama hawakua wanafanya, kwa sababu nyimbo zilikua za chama. Sasa yeye amefanya, amemtaja nyanya, amemtaja na yule mama wa Guraya, na vina vimekubali. Nikamwambia niimbie. Akasema la, utausikia leo.

Ukumbi wenyewe wa madirisha ya kimiani, nikafurahi. Nikaweka kiti changu karibu kabisa. Alizipiga zake nne, akapiga ya vikombe, saa sita na nusu hivi nikasikia tashkota inaanza ile ya Kisima na kina mama wakapiga vigelegele hata kabla hajafungua mdomo. Beti la kwanza. La pili. Itikio, watu wote. Nikasimama. Anavuta pumzi ya kuingia la mwisho, taa zikakatika mtaa mzima, na jenereta la ukumbi liko hatua tano kutoka nilipo mimi, likawaka.

Alipotoka saa nane alinipa kikapu kama kawaida akasema hesabu. Nikamuuliza, ulimtaja?

"Hukusikia?"

"Jenereta."

Akacheka, akavua viatu, akaegemeza kichwa kwenye spika akalala mpaka Kuze. Nikaandika tarehe, nikaandika kiasi, na pembeni, pale ninapoweka maelezo, nikaandika: beti la mwisho liliimbwa.